Petali Kumi Ambazo Zilikuwa Tano

Kila mwanafunzi wa Elimu aliyetoka TP anarudi chuoni na hadithi moja asiyopenda kuisimulia. Yangu inahusu gugu. Ni gugu dogo la bustanini, lenye ua jeupe ambalo upana wake haufiki sentimita moja, na mimi nililifundisha vibaya mbele ya wanafunzi 52.

Naiandika kwa sababu mwakani wengine wenu mnakwenda field, mtapewa mada ya mimea yenye maua, na mtashawishika kufanya kama nilivyofanya. Sababu ya pili ni kwamba katika kulisahihisha kosa lile ndipo nilipojifunza kweli kutambua mmea mdogo, hatua kwa hatua. Somo hilo nilikuwa nimeshalisoma hapa chuoni na nimelifaulu. Kumbe kulifaulu na kulijua ni vitu viwili.

KIPINDI CHENYEWE

Nilipangiwa shule moja mkoani Njombe. Ilikuwa Julai, na kama wewe ni mtoto wa Pwani kama mimi, Julai ya Njombe huijui. Asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, na chaki unaishika kwa vidole visivyojihisi. Bondeni, nyuma ya madarasa, kuna bustani ya shule, ya aina ile ambayo wenyeji wanaiita vinyungu: matuta ya kabichi na figiri yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevunyevu wa bonde. Katikati ya matuta hayo gugu langu lilikuwa limetandaa kama mkeka.

Maabara haikuwa na vielelezo vya maua, nikaona nimepata. Gugu ni bure, lipo la kutosha, kila mwanafunzi anaweza kushika la kwake. Jina lake nililijua: Stellaria media. Na desa nililorithi kwa kaka mmoja aliyenitangulia chuoni lilikuwa na mchoro wake, umeandikwa pembeni "petali 10". Nikachungulia ua moja juu juu, nikaona kweli vipande vyeupe kama kumi hivi vimezunguka. Nikaridhika. Ubaoni nikaandika: sepali 5, petali 10.

Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Madamu, mbona mimi nimepata tano?"

"Hesabu vizuri."

"Nimezing'oa moja moja, Madamu. Zimetoka tano."

Hapo ndipo ningeweza kuinama nikaangalia. Hatua mbili tu kutoka ubaoni. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, nilikuwa na wiki ya pili tu shuleni, na nilikuwa nimeshaandika. Nikamjibu, "Ni ndogo sana, zinang'oka mbilimbili. Andika kumi."

Akachukua ufutio, akafuta, akaandika kumi.

Jioni nilikaa kusahihisha madaftari. Tiki, tiki, tiki, wote wameandika kumi. Nikafika kwenye daftari lake. Karatasi ilikuwa imechubuka pale alipofuta, na chini ya ile 10 tarakimu 5 bado inasomeka. Nikashindwa kuweka tiki. Nikachukua tochi ya simu, nikashuka bondeni na lile baridi, nikachuma maua sita.

KULIHESABU UA

Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi haina bei ya kutisha, na inakaa mfukoni. Siri yake ni moja: ilete jichoni kwanza, karibu kabisa, halafu usogeze ua kuelekea kwenye lenzi mpaka lionekane vizuri. Wengi tunashika lenzi mbali kama mpelelezi wa sinema, halafu tunalalamika haionyeshi.

Nilipofanya hivyo, jibu lilikuja lenyewe. Vipande vyeupe vilikuwa kumi. Lakini kila viwili vilikutana chini kabisa, karibu na kitako cha ua, vikawa kitu kimoja. Kila petali imepasuka katikati kutoka nchani hadi karibu na shina lake, kama masikio ya sungura. Petali ni tano. Zilipong'oka "mbilimbili" hazikuwa mbili. Ilikuwa petali moja yenye masikio mawili. Yule binti alisema kweli, na mimi nilimfundisha kuufuta ukweli kwa ufutio.

Mtu anaweza kusema, tano au kumi, kuna tofauti gani? Ipo. Utambuzi wa mimea hutumia ufunguo, yaani mfululizo wa maswali ya njia panda: majani yanakabiliana au yanapishana? Petali zimeungana au kila moja peke yake? Ni nne, tano, au zaidi? Kila jibu linakupeleka kwenye swali linalofuata. Ukikosea kwenye njia panda ya tatu, maswali yote yanayofuata utayajibu kwa uaminifu kabisa na bado utafika kwenye mmea mwingine. Ni kama kupanda daladala isiyo yako: hata dereva awe makini vipi, hufiki kwenu.

HATUA ZA KULITAMBUA

Usiku ule sikulala mapema. Niliandika upya somo zima, safari hii nikianza na mmea wenyewe, desa nikaliweka pembeni. Mpangilio wangu ulikuwa huu, na unafaa kwa mmea wowote mdogo.

Kwanza, tabia ya mmea mzima. Stellaria media ni mmea laini wa msimu, mizizi yake myembamba, mashina dhaifu yanayotambaa na kuinua ncha zake tu. Uchimbue mzima. Ukichuma kichwa tu umejinyima nusu ya ushahidi.

Pili, shina. Hapa pana alama ninayoipenda kuliko zote. Zungusha shina taratibu mbele ya lenzi na utaona vinywele vyeupe vimejipanga mstari mmoja tu, upande mmoja, na upande mwingine hauna kitu. Fuata mstari huo mpaka kwenye kifundo, pale majani yanapoota. Ukivuka kifundo, mstari unahamia upande mwingine. Pingili moja vinywele viko huku, pingili inayofuata viko kule. Mimea mingi ina vinywele shina zima au haina kabisa. Mstari mmoja unaohamahama ni jambo la pekee, na ukiuona umekaribia sana kupata jibu.

Jaribio lingine la shina: likunje kidogo mpaka ganda la nje likatike, kisha vuta ncha zote mbili polepole. Ndani utaona uzi unaovutika kama lastiki kabla haujakatika. Wanafunzi walilifurahia jaribio hili mno. Kisha angalia pale palipokatika: je, kuna utomvu mweupe? Kwa mmea huu haupo.

Tatu, majani. Yanakaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kifundo. Umbo ni kama yai lenye ncha kali, na ukingo hauna meno. Ya chini yana vikonyo virefu, ya juu hayana kikonyo, yamekaa moja kwa moja kwenye shina. Ukichuma jani la juu peke yake ukaandika "halina kikonyo", na mwenzako akachuma la chini akaandika "lina kikonyo", mtabishana mpaka kengele ilie na wote mko sahihi. Kwa hiyo angalia majani ya sehemu zote. Na angalia kama kifundoni kuna vijani vidogo vya pembeni, stipuli. Hapa hakuna, na hilo nalo liandikwe. Kisichokuwepo ni ushahidi pia.

Nne, ua, kutoka nje kwenda ndani. Sepali tano, kila moja peke yake, zina vinywele. Petali tano nyeupe, zimepasuka, na kwa kawaida ni fupi kuliko sepali au zinalingana nazo. Maua mengine hayana petali kabisa, kwa hiyo usihesabu ua moja ukatangaza. Stameni mara nyingi ni tatu hadi tano, ingawa zinaweza kuzidi hapo, na vifuko vyake vya chavua vina rangi ya zambarau inayoelekea kwenye wekundu. Katikati kuna ovari, na juu yake staili tatu, vile vijiti vyembamba vya kupokelea chavua. Ziangalie hizo tatu vizuri. Stameni zinabadilika badilika, staili zinatulia.

Tano, tunda na mbegu. Ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama chini. Tunda ni kibweta kikavu kinachopasuka kwa meno sita. Ndani mbegu zimeshika kwenye nguzo iliyosimama katikati, nazo ni za kahawia yenye wekundu, za milimita moja hivi, na ngozi yake ina vipele. Mwaga chache kwenye karatasi nyeupe uone.

Majani yanayotazamana, sepali na petali tano, na mbegu kwenye nguzo ya katikati: hapo umefika kwenye familia ya Caryophyllaceae, ile ile ya maua ya mikarafuu ya bustani yanayouzwa kwenye mashada. Petali zilizopasuka na staili tatu zinakupeleka kwenye jenasi ya Stellaria, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyota. Mstari wa vinywele unamalizia kazi.

MAJANI YA SUNGURA

Niliporudi darasani niliwaomba wanafunzi walete "mmea ule ule" kutoka majumbani. Wao waliuita majani ya sungura. Kesho yake meza ilijaa, na nilipopanga mafungu niligundua kuwa "majani ya sungura" ni mimea minne.

Fungu kubwa lilikuwa Stellaria yenyewe. Fungu la pili lilikuwa Galinsoga parviflora, gugu linalojaa mashambani kote nyanda za juu. Kwa mbali nalo lina vitu vitano vyeupe, lakini ukingo wa majani una meno, na katikati pana kitufe cha njano. Kile unachokiita ua pale ni mkusanyiko wa maua mengi madogo kwenye kichwa kimoja, maana mmea huu ni wa familia ya alizeti. Vile vitano vyeupe, kila kimoja ni ua kamili la pembeni, lenye meno matatu nchani.

Fungu la tatu lilitaka kunishinda: Drymaria cordata. Ni ndugu wa familia moja, majani yanatazamana, petali tano nazo zimepasuka. Lakini majani yake ni mviringo kama moyo, kifundoni kuna stipuli ndogo kama nyuzi, na vikonyo vya maua vina vinywele vinavyonata. Ukipita kwenye kichaka chake, vitu vyake vinakung'ang'ania sketi mpaka nyumbani. Usipohesabu hivi vidogo, utaapa ni ule ule.

Fungu la nne lilikuwa shina moja tu ndani ya mzigo, la kijani kibichi, halina petali hata moja. Kabla sijalifikia, mzee mlinzi wa shule, ambaye ndiye mwenye sungura, alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Akaja, akalichukua, akalivunja. Tone jeupe likatoka.

"Hili la maziwa siwapi, mwalimu. Mimi nikiletewa mzigo navunja kwanza."

"Kila shina, Mzee?"

"Nikiwa na wasiwasi, kila shina."

Lilikuwa Euphorbia peplus. Utomvu wake unaunguza ngozi, ukiingia jichoni ni balaa, na mmea wenyewe ni sumu ukiliwa. Stellaria kwa upande wake huliwa na kuku na sungura bila shida, na kwingine duniani watu huiweka kwenye kachumbari. Mimea miwili, mzigo mmoja, jina moja la mtaani. Mzee yule hajawahi kusikia neno utaksonomia, lakini swali lake la kwanza ni swali halali la ufunguo wowote: ukivunja, kuna utomvu mweupe au hakuna? Niliandika swali hilo ubaoni, nikawaambia wanafunzi ni la Mzee. Kisha tukanawa mikono.

Niseme pia kuhusu simu. Niliwahi kuupiga picha mmea mmoja mara tatu kwa programu ya kutambua mimea, ikanipa majina mawili tofauti. Programu ni msaada mzuri wa kuanzia. Ila picha haivunji shina, haigeuzi jani, na haikuambii vinywele viko upande gani. Jina ilikupe, uthibitisho utafute mwenyewe.

KUSAHIHISHA MBELE YA MSIMAMIZI

Siku niliyopanga kusahihisha kosa langu ndiyo siku msimamizi kutoka chuoni alipokuja kunikagua. Alikaa nyuma na fomu yake. Nilifikiria kuahirisha, nani anataka kuanza kipindi cha kupewa alama kwa kusema "nilikosea"? Lakini wiki ile ile wanafunzi walikuwa na jaribio, na walishaanza kukariri kumi.

Nikaandika ubaoni "petali 10", nikaikata. Nikasema, "Wiki iliyopita niliwaandikisha hivi. Si kweli. Mwenzenu mmoja alihesabu akapata tano, akaniambia, na mimi nikamwambia afute bila kuangalia. Leo tuhesabu wote." Kijana mmoja nyuma akaropoka, "Si alisema!" Darasa likacheka. Yule binti hakusema kitu. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule uliochubuka.

Kipindi kilizidi muda kwa dakika kadhaa kwa sababu kila mtu alitaka kung'oa petali zake mwenyewe. Msimamizi alinikata alama za matumizi ya muda, na ilikuwa haki. Baadaye akaniuliza kwa nini sikungoja aondoke. Nikamwambia jaribio ni kesho. Akaandika kitu, akafunga faili. Alama niliyopata ni ya kawaida tu, msitegemee muujiza.

Niliporudi chuoni nilitafuta historia ya mmea huu, nikakuta kitu kilichonifariji. Linnaeus, baba wa majina ya kisayansi, katika kitabu chake cha 1753 hakuuita Stellaria. Aliuita Alsine media. Mfumo wake ulipanga mimea kwa kuhesabu stameni na staili: Stellaria aliziweka kwenye kundi la stameni kumi, na gugu hili akaliweka kwenye kundi la stameni tano. Tatizo ni kwamba stameni za mmea huu hazitulii. Mwaka 1789 mtaalamu wa Ufaransa, Villars, akauhamishia kwenye Stellaria, na ndipo ulipo hadi leo. Hata bingwa alihesabu, na wenzake wakarudi wakaangalia upya. Ndivyo sayansi inavyokwenda. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutoka mwaka 1952 na kukamilika 2012, miaka sitini, spishi zaidi ya 12,000. Kazi hiyo ni watu kuhesabu sepali, petali na staili, mmea kwa mmea.

KWA MNAOKWENDA MWAKANI

Kama uko hapa Dar, Stellaria usiitafute. Joto hili haliiwezi. Lakini pembeni mwa njia za hosteli, kwenye mchanga, kuna kijimmea kiitwacho Oldenlandia corymbosa. Kina majani membamba yanayotazamana, na maua meupe madogo kuliko punje ya mchele. Kiinamie. Hesabu petali: ni nne, na safari hii zimeungana chini zikafanya mrija. Tafuta ovari: iko chini ya petali, si juu. Angalia kati ya vikonyo vya majani: kuna stipuli zenye ncha kama nywele. Hiyo ni familia ya Rubiaceae, familia ya kahawa. Ndiyo, kile unachokikanyaga ukienda kula ni ndugu wa mbuni.

Ukitaka kuhifadhi sampuli, lalaza mmea mzima kati ya kurasa za gazeti, weka vitabu vizito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka ukauke. Andika mahali, tarehe, na rangi ya ua, kwa sababu rangi itapotea. Andika ulichokiona kabla ya kuandika jina.

Na ukiwa darasani, ukamsikia mwanafunzi anasema "mimi nimepata tano", acha chaki, inama uangalie.